Kadi ya Mama Iliyolala Ofisini

Ndugu zangu, kulikuwa na bwana mmoja mfanyakazi wa kiwanda cha unga. Mama yake alibaki kijijini, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Bwana huyu akienda nyumbani, mama humpapasa mashavu huku akicheka: "Umekonda, mwanangu! Huko kwenye unga hawakupi ugali?" Naye hucheka, kisha hutoka nje akalia. Alitamani, jamani, alitamani mama amtazame usoni hata mara moja tu. Lakini upasuaji angeulipa na nini?

Kila mwezi kwenye mshahara wake kulikuwa na makato asiyoyaelewa. Angeuliza ofisini? Thubutu! Pale kiwandani, ofisi ya wafanyakazi haiendwi mpaka uitwe, na ukiitwa ujue umekosa. Basi akamwuliza kijana wa saiba, kile kibanda cha intaneti, aliyekuwa akimjazia ritani za kodi, zile fomu za kila mwaka.

"Hii wanayokata kabla ya kodi ni nini?"

"Ni kodi hiyo hiyo, kaka, wameibadilisha jina tu."

Yule kijana akaijumlisha na kodi, akachukua ujira wake, yakaisha. Miaka ikapita, na kila mwisho wa mwezi yule mfanyakazi akiyalaani yale makato.

Siku moja mama akaungua mkono kwenye jiko ambalo hakuliona. Hapo bwana akajikaza, akaingia ofisini kuomba mkopo.

"Mkopo wa nini?" karani akashangaa. "Mama yako ana bima hapa. Ulimwandikisha mwenyewe, na picha yake ukaleta, kwenye zile fomu nyingi za siku ulipoajiriwa. Ndiyo hiyo unayokatwa kabla ya kodi!" Akafungua droo, akampa kadi yenye picha ya mama, ya enzi zile macho yake yakiona. "Tuliwaita mje kuchukua. Wewe hukuja."

"Niliogopa," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya watu.

Mnadhani mambo yakawa mazuri? Daktari alisema jicho la kulia litaona, la kushoto limechelewa. Bendeji ilipotolewa, mama akamkazia mwanawe jicho lile moja. Kisha akasema, "Mwanangu, mbona umezeeka hivi, na mimi sikukuona ukizeeka?"

Tusimcheke. Sisi je? Tumemwuliza jirani, tumeuliza redio, tumewauliza watu wa mitandaoni Mungu anatutakia nini, na wote wametujibu. Yeye mwenyewe tumemkwepa, tukidhani anaita watu kuwakaripia tu. Alichotuwekea kwa upendo tunakinung'unikia kila siku kana kwamba anatuibia. Huku roho zetu zinamtamani, zinamlilia, na sisi tumesimama nje ya mlango wake! Nani aliwaambia mlango huo una hasira? Mlimwuliza nani?

Ingieni leo, ndugu zangu. Atatusamehe kuchelewa, hilo sina shaka nalo. Lakini miaka tuliyokaa bila kumwona, nani ataturudishia?