Jina la Nyota ya Chigwandali

Sogeeni karibu, na anayetaka hadithi yenye jibu akatafute msimuliaji mwingine. Hii nimeibeba mpaka imenishinda, na leo naitua mbele yenu.

Palikuwa na watu watatu katika kijiji cha Chigwandali, kwenye nchi kavu ya Ugogo, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza alikuwa Dokta Mwanahija, mkuu wa kituo cha darubini ya redio kilichojengwa kilimani. Darubini yake haikuwa ya kuchungulia. Ilikuwa dishi kubwa lililotega sikio angani mchana kutwa, maana mawimbi ya redio ya nyota hayafichwi na jua. Kipawa chake kilikuwa masikio. Tangu utotoni, kwao Pangani, mama yake alimchukua sokoni kununua vyungu, kwa kuwa akikigonga chungu kwa ukucha alijua kama kina ufa. Kompyuta ikisema hizi ni kelele tupu, yeye alivaa hedifoni, akafumba macho, na mara nyingine akasema hapana, humu ndani kuna kitu kinagonga.

Wa pili alikuwa Elikana Mafuru, mwenzake wa kituoni, mtu wa Musoma, mwembamba, mchache wa maneno. Kipawa chake kilikuwa hesabu. Akikutajia saa na mahali, basi jambo lilitokea saa hiyo na mahali hapo. Wenzake walimtania kwamba hata ugali haumegi mpaka kwanza aupigie hesabu.

Wa tatu alikuwa Meshaki Ndahani, mwanakijiji. Kipawa chake kilikuwa ahadi. Watu waliosafiri walimwachia funguo za maghala yao, na hakuna aliyerudi akakuta punje imepungua. Ndahani akisema ndiyo, ulikwenda kulala.

Sasa sikieni kilichowakutanisha.

Siku moja Mwanahija alisikia, chini kabisa ya kelele, mapigo. Tu, tu, tu, bila kuchoka. Ilikuwa nyota mfu: nyota iliyowaka, ikalipuka, likabaki kaa dogo zito linalojizungusha, na kila linapozunguka mwale wake unapita juu yetu kama tochi ya mlinzi. Nyota za namna hiyo zinajulikana, lakini hii ilikuwa na mapigo ambayo Mwanahija hakuwahi kuyasikia popote. Bila masikio yake, ingebaki kelele mpaka kiama.

Elikana akakaa na hesabu zake, akatoka uso umesawijika. "Dada, mwale wake unageuka," akasema. "Unatuacha. Alhamisi ijayo ndiyo mwisho. Baada ya hapo hatausikia mtu mpaka wajukuu wa wajukuu wetu." Akataja mahali pa kuelekeza dishi na saa ya kuanza. Bila hesabu yake, wangesikiliza siku isiyo yenyewe.

Ila mapigo yale yalikuwa dhaifu mno. Simu moja ikiita kijijini, yanazama. Pikipiki moja ikipita, cheche za plagi yake zinayafunika. Kituo kilikuwa kimewavutia wanakijiji maji ya bomba, nao kwenye mkutano wa hadhara wakasema ahadi ni deni, tutawapa kimya. Wiki ile, kila mchana, pikipiki zililala na mnara mdogo wa simu ulizimwa. Ufunguo wa kibanda cha swichi ukakabidhiwa Ndahani, na akaapa mbele ya wote kwamba mnara hautawashwa kabla ya jua kuzama. Bila ahadi yake, masikio na hesabu visingefaa kitu.

Tena palikuwa na zawadi, nayo ilikuwa hii. Kamati ya wanasayansi wa anga waliokifadhili kituo ilikuwa imeahidi kwamba kitakachogunduliwa pale kitapewa jina la mtu mmoja, yule aliyekiwezesha kupatikana. Jina moja tu, na likishaandikwa halifutwi.

Na Mwanahija alilitaka jina hilo, tusifichane. Ujanani, akiwa masomoni ng'ambo, aliwahi kuisikia nyota kabla ya mtu yeyote, na profesa wake akaibatiza jina lake mwenyewe. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alizeeka nalo.

Ndahani alikuwa na mke, Yusta, mwenye mimba pevu, aliyekuwa akipeleka maziwa kituoni. Mwanzoni mwa wiki Mwanahija alimvisha hedifoni ili naye asikie. Yusta akasikiliza, akatabasamu.

"Kama mtoto tumboni," akasema. "Nani anapiga?"

"Nyota. Lakini ilikufa zamani sana."

Yusta akaivua hedifoni haraka. "Sasa dokta, vya wafu unanisikilizisha mimi na tumbo hili?" Wakacheka wote, na maziwa yakapimwa.

Alhamisi ikafika. Mchana, mapigo yakigonga kwa mara ya mwisho, Yusta alishikwa na uchungu, na baada ya uchungu ikaja damu. Mama yake, Bibi Mbeleje, akaenda mbio hadi kibandani kwa Ndahani.

"Baba, damu haikatiki. Mkunga anasema tuite gari la wagonjwa. Washa huo mnara."

Ndahani akashika ufunguo. Akatazama mlangoni pa kibanda, akatazama kilimani. "Mama, ngoja niwaulize," akasema, "nisije nikawavunjia kazi yao na pengine wako ukingoni." Akapanda kilima akikimbia.

Mwanahija alikuwa amefumba macho, hedifoni masikioni. Lakini yale masikio hayakujua kufungwa. Alisikia mtu amesimama mlangoni, akasikia pumzi zake, na akajua kwamba hizo si pumzi za mtu aliyekuja kusalimia. Alijua. Akainua kidole kimoja: subiri.

"Mmekaribia kumaliza?" Ndahani akauliza.

Elikana akageuka, akaona jasho na macho yaliyomtoka. "Saa moja tu, kaka," akamjibu kwa sauti ya chini. "Tuvumilie saa moja."

Ndahani akageuka. Kuuliza si ujinga, watu husema, lakini mchana ule hakuna aliyemuuliza kilichomleta, na aliyekuwa na la kusema hakulisema. Akashuka. Akamtuma shemeji yake kwa baiskeli kwenda kituo cha afya, njia ya mchanga mpaka mwisho, na hata saa hiyo ilipopita, mnara ukabaki umezimwa mpaka jua likazama, kama alivyoapa.

Gari lilifika jioni. Mtoto wa kike alikuwa hai. Yusta hakuwa hai.

"Tungepigiwa simu mapema, huenda angepona," mganga wa kituo cha afya akasema. "Huenda pia asingepona. Siwezi kuapa."

Hilo "huenda" ndilo lililowatafuna. Lingekuwa ndiyo au hapana, mtu angejua alie vipi.

Siku chache baada ya maziko, kamati ikatuma ujumbe: mapigo yamethibitishwa, hongereni, tupeni jina leo. Msipotupa, nyota itachukua jina la mwenyekiti wetu. Mwanahija akashuka na Elikana mpaka msibani, maana aliona jambo hilo haliwezi kuamuliwa kilimani.

Elikana alianza, macho yakiwa chini. "Sitasema uongo. Natamani liwe langu. Bila hesabu yangu siku hiyo ingetupita. Lakini mimi ndiye niliyemwambia saa moja tu, na nilimwona alivyokuwa."

Mzee mmoja wa kijiji akasema nyota ni ya Ndahani. Wengine walifanya kazi wanayolipwa. Yeye alitoa kisichorudi.

Ndahani alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto mapajani. "Msiniandike," akasema. "Huyu akikua ataniuliza nilipewa nyota kwa kazi gani. Nitamwambia nini?"

"Basi mwandikeni mwanangu," Bibi Mbeleje akasema. "Kaburi lake mvua mbili tatu litasawazika. Nataka jina lake likae mahali ambapo watu watalitaja nisipokuwepo."

Ndahani akatikisa kichwa. "Mama, nisamehe. Yusta hakuahidi kitu chochote. Hakuna aliyemwomba. Kile kimya nilikitoa mimi, nikakilipia kwa maisha yake. Na ile sauti aliiogopa. Leo tumfunge huko juu na mfu, asitoke milele?"

"Ana mtoto duniani," bibi akamjibu. "Ataangalia juu, ataona mama yake."

"Nyota yenyewe haionekani kwa macho, mama."

Bibi akajifunika kanga usoni.

Mwanahija aliona aibu, na aibu yake kubwa haikuwa kile kidole alichoinua. Ilikuwa kwamba hata pale, mbele ya mtoto asiye na mama, bado alilitaka lile jina. Aliisikia nyota yeye. Hilo lilikuwa kweli kabla ya msiba na lilibaki kweli baada yake. Na pumzi za Ndahani mlangoni alizisikia yeye vilevile, kwa masikio hayohayo. Akisema langu, amejitukuza juu ya kaburi. Akisema la Elikana, amemvika mwenzake lawama ili yeye aivue. Akisema la Ndahani, amempa mtu asichotaka. Akisema la Yusta, amechukua kwake mara ya pili bila kumwomba. Na akinyamaza, jina linakwenda kwa mwenyekiti ambaye hajawahi kuona vumbi la Chigwandali.

Jua lilikuwa linakwenda. Akasimama, akatoka uani, akatoa simu yake ya mkononi, kisha akabaki ameishika tu. Ndahani akamfuata, mtoto akiwa begani. Akadhani anasita kwa ajili ya mnara.

"Piga tu, dada," akamwambia kwa upole. "Mtandao upo."

Akapiga. Ikaita mara moja, ikapokelewa.

"Dokta Mwanahija," sauti ya mwenyekiti ikasema, "tunakusikia vizuri kabisa. Tupe jina."

Mimi naishia hapo, wenzangu, kwa kuwa kila nikiendelea najikuta namwonea mmoja wao. Mwenyekiti anasubiri kwenye simu, Ndahani amesimama hapo, bibi anasikiliza ndani. Msiniambie mngekataa kuchagua, maana kukataa nako kuna jina lake. Je, wewe ungemtaja nani, na ungemtazamaje Ndahani baada ya kukata simu?