Kwa Nini Mto Unapita Kati ya Mitapani na Mpungani

Mnaniuliza kwa nini mji wetu ni mdogo hivi, na kwa nini ndugu zetu wa damu wanakaa ng'ambo. Basi nyamazeni, maana mimi si mtu wa kurudia maneno. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa hivi umalize, mbele hutapata nafasi.

Enzi hizo hapakuwa na ng'ambo. Mto haukupita hapa mnapouona. Ulizunguka kule mbali, palipo sasa na ziwa la matete nyuma ya Mpungani, ukapinda kama mkono uliobeba mtoto, kisha ukarudi. Mpungani ilikuwa ndani ya lile pindo, na Mitapani ilikuwa hapa hapa. Katikati palikuwa na shingo nyembamba ya ardhi, na watu walikwenda na kurudi kwa miguu. Mama aliweza kuinjika chungu cha wali huku, akaenda kuomba chumvi kule, akarudi haujaungua. Na watu walikuwa wengi, msidhani ni hiki kiganja cha nyumba mnachokiona leo. Mitaa iliteremka mpaka kule ambako sasa ni maji matupu.

Mzee wa mji aliitwa Babwoya. Alikuwa hodari wa mifereji. Mnajua wenyewe jinsi tunavyolima mpunga: mto ukifurika, tunasubiri maji yaanze kushuka, ndipo tunafungua mdomo wa mfereji yaingie shambani taratibu. Hatufungui mto ukiwa unapanda. Hata mtoto mdogo anajua hilo, na Babwoya ndiye aliyewafundisha wengine.

Mwaka mmoja ndui ikaingia Mpungani. Watu wakaanza kuzikana. Huku Mitapani hofu ikatushika vibaya, na hofu, wanangu, haina adabu. Wazee wakakaa, wakasema tukate ile shingo kwa mfereji, maji yapite, mgonjwa asipate njia ya kuja. Wote wakamtazama Babwoya, kwa sababu binti yake wa pekee, Hawayu, alikuwa ameolewa Mpungani na alikuwa na mtoto wa kunyonya. Babwoya akainuka. Kisha akachukua jembe, akawa wa kwanza kuchimba, ili mtu asije akasema amependelea wake.

Mfereji ulipokuwa tayari, mto ulikuwa bado unapanda. Mzee mmoja akamnong'oneza, tungoje maji yashuke. Babwoya akajibu kwamba ndui haingoji.

Wakati huo huo Hawayu akatokea upande wa pili, mtoto mgongoni. Akasimama ukingoni mwa lile shimo kavu.

"Baba, sina hata kipele. Mtoto naye hana. Tupokee."

"Nikikupokea wewe, mwanangu, wenzangu nao watawapokea wa kwao. Tutakuwa tumechimba bure."

"Basi mpokee huyu peke yake. Mimi nitarudi."

Akamfungua mtoto, akamnyoosha juu ya mfereji kwa mikono miwili. Ulikuwa mwembamba, Babwoya angenyoosha mkono tu angemfikia. Watu wote wanamtazama yeye. Ole wake! Akageuza uso, akawaambia vijana wafungue mdomo.

Walitarajia maji ya magotini. Lakini mto ulikuwa unapanda, na ulipopata njia iliyonyooka uliikubali yote. Kingo zikaanza kubomoka vipande vipande. Hawayu akarudi nyuma, akarudi tena nyuma, mpaka hakuonekana. Jua lilipozama mto mzima ulikuwa unapita hapa, na lile pindo la zamani limebaki tope.

Na maji yale yaliyonyooka yakaanza kutula sisi. Mtaa baada ya mtaa ukaanguka mtoni. Ndui nayo, msidhani ilizuiwa. Ilikuwa imekwisha ingia siku nyingi, inalala nasi kwenye mikeka yetu. Waliopona wengine wakafungasha wakahama. Jamani, nikiifikiria kazi ile, kifua kinaniuma. Tulichimba, tukaua ndugu, na hatukuokoa mtu.

Mto ulipotulia, Babwoya akachonga mtumbwi, akavuka. Akamkuta Hawayu ukingoni anaosha vyungu. Alikuwa hai, uso umejaa makovu ya ndui. Mgongoni hakuwa na mtu.

"Nimekuja kukuchukua," Babwoya akasema.

Hawayu akaendelea kuosha chungu chake mpaka kikatakata. Kisha akasema, "Mtoto aliililia mikono yako, baba. Yeye alikuwa hajui kukuita." Akajitwika vyungu vyake akaenda zake.

Babwoya hakuthubutu kushuka. Alikaa ndani ya mtumbwi mkono ameunyoosha, akingoja mtu yeyote wa Mpungani aushike. Watu wakaja kuteka maji, wakateka, wakaondoka. Jioni akageuza mtumbwi. Kesho yake akaja tena, na siku zilizofuata, mpaka mwisho wa maisha yake, na hakuna aliyemshika.

Na tangu siku hiyo mto unapita kati yetu, Mitapani ni ndogo, na ziwa la matete limebaki nyuma ya Mpungani. Tangu siku hiyo pia mtu wa Mitapani akivuka hashuki mtumbwini kwa miguu yake mwenyewe. Hunyoosha mkono, akangoja mwenyeji amvute. Nyinyi mnavutwa, mnashuka, mnakula harusi za watu kule na kurudi mmeshiba. Sisi wa ukoo wa Babwoya nasi huenda kila mwaka mto ukishatulia. Mimi nimekwenda tangu nikiwa msichana. Nanyoosha mkono, nangoja mpaka jioni, kisha nageuza mtumbwi.