Mkamburi Yupi?

Kaeni vizuri niwape neno la kutafuna. Mkilimeza zima litawakwama.

Palikuwa na nyanya mmoja huko milima ya Taita, jina lake Mkamburi. Alikuwa na wana watatu, na kila mmoja alipopata binti alimpa jina la mama yake, ndiyo ada. Nyumba ikawa na kina Mkamburi watatu, rika moja, darasa moja. Ili wasiitike wote kwa mpigo, nyanya aliwaita kwa vipaji vyao. Masikio akisikia jambo mara moja, halimtoki. Miguu hakuna mwamba unaomshinda. Mkono naye, hata nyanya asiyejua kusoma alipenda kuutazama mwandiko wake.

Korona ikafunga shule. Masomo yakawa yanakuja kwa simu, na simu ilikuwa moja, ya nyanya, imepasuka kioo. Nyumbani iliweza kupigiwa tu, mtandao haukufika. Masomo yalishukia juu ya mwamba.

Miguu akawa anapanda kila asubuhi kuyavuta. Siku ya mtihani wa mwisho mvua ilimtelezesha, kifundo kikavimba kama kiazi. Simu alikuwa ameifunga tumboni kwa leso, haikupata tone. Alasiri alipanda tena, akichechemea, kutuma majibu.

Simu ilikuwa imejaa. Sauti ya mwalimu ikisikika mara moja, ilifutwa ili nyingine ipate pa kukaa. Masikio ndiye aliyeyaweka masomo yote kichwani. Siku ile alikuwa na homa, ametengwa chumba cha pili. Akawatajia wenzake majibu kupitia ukuta, akikohoa katikati ya hesabu.

Mkono akaandika. Pamoja na maswali ulikuwa umeingia ujumbe kwamba mama yake amelazwa Mombasa, anapumulia mashine. Aliusoma, hakumwambia mtu mpaka alipotia nukta ya mwisho.

Mtandao haukubeba picha tatu za majibu, kwa hiyo walikuwa wamekubaliana karatasi moja. Juu yake Mkono aliandika: Mkamburi. Hawakuona kosa. Si wote ni Mkamburi?

Siku ya nne mwalimu akapiga.

“Shikamoo, nyanya. Mkamburi ameongoza. Kuna shule ya bweni itakayomsomesha bure mpaka amalize. Nipe jina la baba yake niandike.”

“Marahaba, mwalimu. Ni watatu hao.”

“Karatasi ni moja, nyanya.”

“Na walioitolea jasho je?”

“Kitanda ni kimoja. Nisipopata jina sasa hivi, kinakwenda kijiji kingine.”

Masikio akadakia kutoka chumbani, “Majibu yalitoka kwangu. Mkono alikuwa kalamu tu.”

“Na wewe ungekariri upepo,” Miguu akamjibu. “Maswali uliletewa na nani, kunguru?”

Mkono akamgeukia nyanya. Alisema tu, “Nyanya, usikawie na simu. Labda Mombasa wanapiga.”

Nyanya akahisi simu inamlemea kama jiwe la kusagia. Alijua kwamba akitaja mmoja, wawili watakosa karo na kushika majembe, na huenda wasiitane dada tena. Akinyamaza, watayashika wote watatu.

“Nyanya, bado upo?” mwalimu akauliza.

“Nipo.”

Mwalimu anangoja, na kalamu yake iko juu ya karatasi. Je, wewe unayenisikiliza, ungemwambia ni Mkamburi yupi?