Shetani wa Kwenye Gunia

Hapo zamani za kale, enzi hizo wanyama wanavaa viatu na kwenda kanisani, Kanisa la Bondeni lilituma wamisionari watatu wapande Kilima cha Mawe, kwa wale pimbi wadogo wanaoishi kwenye nyufa za miamba.

Kiongozi wao Mchungaji Nyati, jamaa wa pembe pana na sauti ya kutetemesha bati. Wa pili Mwinjilisti Fisi. Wa tatu Mwalimu Kiboko, wa kwaya. Siku ya kuagwa Nyati aliapa mbele ya waumini wote: harudi bondeni mpaka kanisa la kilimani lisimame.

Mwanzoni pimbi walijaa. Halafu wakaanza kupungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mpaka Jumapili moja Nyati anapanda madhabahuni, anasema, "Bwana asifiwe," na anayemjibu ni mwamba peke yake: sifiwe... sifiwe...

Mabenchi matupu. Mlangoni kasimama mzee mmoja wa pimbi, hata kofia hajavua.

"Mchungaji, sisi hatuna maneno mengi. Jumapili ijayo ikipita, fungasheni mshuke."

"Kwani tumewakosea nini, mzee wangu?"

Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. Akageuka, akaenda zake.

Basi hapo watatu wakaanza kulaumiana.

"Kwaya yako inalia kama debe, nani atakuja?" Fisi akamwambia Kiboko.

"Na wewe mahubiri yako yanalaza watu mpaka wanakoroma."

"Ndugu zangu, tusigombane," Nyati akawakata. "Hawa pimbi wana mioyo migumu, hilo moja. La pili, huyu ni Shetani. Shetani wa kilima hiki katukalia kooni."

"Amina," wakaitikia wote, tena kwa raha, maana neno hilo liliwatoa wote watatu lawamani bila hata jasho.

Mpiga kengele wa kanisa, dada mmoja wa pimbi jina lake Mashavu, alikuwa dirishani. Alisikia yote.

Jumapili yenyewe ikafika. Nyati hata chai hajamaliza, huyo Mashavu, anahema, anaburuta gunia. Gunia linafurukuta, kwaru, kwaru.

"Baba Mchungaji, nimemkamata."

"Nani?"

"Si huyo Shetani wenu mnayemsema. Nimemkuta kwenye viazi vyangu."

Nyati akarudi nyuma mpaka pembe zikagonga ukuta. "Yumo humo?"

"Yumo. Ila kwetu mtuhumiwa hapigwi bila mashtaka. Kila aliyekosewa naye aseme mbele ya watu alifanywa nini. Mkikosa la kusema, namwachia."

"Na watu watakuja?"

"Kumwona Shetani? Baba, hata wagonjwa watakuja."

Akaigonga kengele, ngee, ngee, ngee. Pimbi wakamiminika kutoka kwenye nyufa, kanisa likajaa mpaka madirishani. Nyati akatanua kifua. Kumbe kilima bado chake.

Kiboko ndiye aliyetangulia. Akalinyooshea gunia kidole.

"Wewe Shetani, ni wewe ulinisukuma nikaingia kwenye chemchemi ya hawa ndugu. Nikaoga humo, nikalala humo, nikachafua humo humo. Ulinishika mguu!"

Mama mmoja akamfunika mwanawe masikio. Maji yale walikuwa wanayanywa.

Kabla Nyati hajameza mate, Fisi naye huyo.

"Mimi ulinifungua mdomo kwa nguvu. Wale kuku wa sadaka, waliokuwa wanangoja mnada baada ya ibada, ni wewe ulinilisha. Manyoya ukaniambia nifukie."

Nyati alihisi masikio yanawaka. Kuku? Si ndio kuku hao waliomfanya awaite pimbi wezi madhabahuni, Jumapili mbili mfululizo? Alitaka kumrukia Fisi. Lakini watu wote wamemgeukia yeye.

"Na wewe, Baba?" Mashavu akauliza, polepole. "Wewe hakukugusa?"

Hapo Nyati angenyamaza. Ila hasira imeshapanda, gunia liko mbele yake, na mdomo ukamtangulia.

"Mimi ulinilaza. Siku ya maziko ya yule bibi niliyeahidi kumzika. Mvua inanyesha, wafiwa wananingoja na jeneza, na wewe umenikandamiza kitandani..."

Akakatika. Aliyesikika akikiri alikuwa yeye mwenyewe. Akamtazama Mashavu. Yule bibi alikuwa mama wa binti huyu.

Mashavu hakulia. Aliinama, akafungua kamba ya gunia. Kikatoka kichwa kidogo, kikavu, kina makunyanzi. Kobe.

"Mimi nimeambiwa nikae humu nipewe mchicha," kobe akasema. "Sasa natukanwa. Mimi chemchemi ya mtu sijawahi kuiingia."

Jamani, Nyati alisimama pale kama kapigwa na radi.

"Basi katoroka!" Fisi akadakia. "Shetani katoroka, tumechezewa, huyu binti..."

"Nyamaza, Fisi." Sauti ya Nyati ilikuwa ndogo, haikutetemesha hata jani. "Hakuna aliyenilaza. Nilisikia kengele. Nikachungulia, nikaona mvua, nikageukia ukutani. Na kuku nikawasingizia nyie bila kuuliza. Ni mimi."

Hakuna aliyesema amina. Kiboko akatoka kichwa chini, akachukua jembe, akaelekea chemchemini. Fisi akashuka kilima akilaumu kobe, akilaumu gunia, akilaumu mchicha. Hakurudi.

Nyati akamsogelea Mashavu. "Mama yako mlimlaza wapi?"

Mashavu akaikunja kamba ya gunia. Pimbi wote wanangoja.

"Nyuma ya mwamba mkubwa," akasema. "Vaa buti, Baba. Kuna tope."

Wakatoka, yeye mbele, Nyati nyuma, na mmoja mmoja pimbi wakafuata.

Nami naishia hapo, wadogo zangu, na la kubeba ni hili: Shetani ana makosa yake ya kumtosha, usimtwishe na yako.