Kulabu ya Kiwandani

Shekilindi, muuza kulabu za kiwandani za kuvutia magari, alimjia juu Kidawa, fundi wa kuchomelea. "Ng'oa kibao chako! Hizo kulabu zako za chuma chakavu zitaua watu."

"Tushindane, bosi. Kwanza yako ivute jipu langu kutoka mtoni mpaka hapa gereji. Kisha yangu ivute gari lako kulirudisha. Itakayovunjika, mwenye nayo afunge duka."

Shekilindi akalivuta jipu kwenye tope, akapanda nalo mlima huku anapiga honi, watu wakishangilia. Gereji akashuka akijipiga kifua.

"Umeona kitu cha kiwandani? Haya, washa lako univute!"

"Ngoja kwanza nilifungie injini yake, bosi. Ipo humu gereji tangu masika, nilikosa tu wa kuniletea hilo jipu."