Lalla Alipokataa Kuwaka

Wahenga waliposema mficha maradhi kifo humuumbua, hawakumsema aliyelala kitandani peke yake. Mtu aweza kuwa anatembea, anacheka na anafanya kazi yake, huku ameficha jambo dogo analoona haya kulitaja. Jambo hilo lisipotibiwa mapema hujitangaza lenyewe mbele za watu, tena kwa kishindo. Kila niisikiapo methali hii, moyo wangu hurudi Azrou, mji wetu wa milimani, kwenye stendi ya teksi za zamani, kwa Ami Bassou.

Ah, stendi ile! Siku hizi teksi ni mpya tupu. Dereva abonyeza kitufe, gari languruma, na safari nzima hamjuani hata majina. Enzi zile teksi zilikuwa za Kijerumani, nzito, za dizeli. Abiria walikuwa sita, wawili mbele pamoja na dereva na wanne nyuma, wamebanana hata mmoja akipiga chafya gari zima linamwombea rehema. Asubuhi stendi ilinukia moshi, chai ya nanaa na mikate ya moto, na madereva walitaniana kwa sauti za kuamsha mtaa. Ningepewa saa moja tu ya kurudi pale, ningeipokea kwa mikono miwili.

Bassou alikuwa ameshika usukani mmoja kwa miaka thelathini na moja. Teksi yake aliiita Lalla, yaani Bibi, na sisi sote tukaiita hivyo. Mkewe alikuwa amefariki zamani, akamwachia binti mmoja, Itto, mwalimu katika shule ya kijiji cha ng'ambo ya mlima. Itto alikuwa akilalamika kwamba baba yake humsalimu Lalla kwanza, kisha ndipo amkumbuke mwanawe.

Kumwasha Lalla kulikuwa na adabu yake. Chini ya usukani palikuwa na kishikizo. Ulikivuta nusu, ukakishikilia hapo, ukasoma Kul-huwa-llahu mara tatu bila papara. Ulipomaliza, kiwaya kidogo kwenye dashibodi kilikuwa kimeiva chekundu kama kaa, ishara kwamba injini imepata joto. Hapo ulivuta hadi mwisho, na Lalla akaitika. Madereva wote wa Azrou walipima muda hivyo, na hakuna aliyehitaji saa.

Vuli moja, Lalla akaanza kukataa. Si kila siku, la! Asubuhi hii anawaka, kesho anawaka, keshokutwa anakoroma tu kama mzee aliyeamshwa usingizini.

"Ami Bassou, Lalla kanuna leo!" madereva walipiga kelele. "Umemnyima nini jana?"

"Kachoka na wewe huyo, anataka talaka!"

"Fungeni midomo yenu, msukume!" Bassou aliwajibu, naye akicheka. Lakini kicheko chake hakikufika machoni.

Alikwenda kwa Fundi Akka, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Akka akaingia, akavuta kishikizo, akasoma, akavuta tena. Lalla akawaka mara moja.

"Ami, mbona mzima huyu?"

"Mzima kwako. Kwangu ananifanyia kiburi."

Akka akasafisha vichwa vya betri. Siku tatu shwari, ya nne Lalla akakataa. Akabadilisha betri. Akafungua stata, akaiosha, akairudisha. Akabadilisha plagi za kupashia moto, zote nne. Kila mara Lalla alitulia siku mbili tatu, kisha akarudia ukaidi wake. Akka, fundi aliyekuwa akisikiliza injini na kuitaja ila yake kabla ya kufungua boneti, alianza kukosa usingizi kwa aibu.

Jumamosi, Haddou, mkuu wa stendi, alimwita Bassou pembeni. Alikuwa mtu wa haki, lakini hakuwa na maneno laini.

"Nakuheshimu kama kaka yangu mkubwa, lakini zamu ni zamu. Siwezi kuwaacha abiria sita kwenye baridi wakimbembeleza bibi yako. Jumanne ni siku ya gulio. Akikataa mbele ya watu, namtoa kwenye mstari."

"Unitoe kwenye mstari mimi, Haddou? Mimi niliyekufundisha njia ya mlimani?"

"Wewe huyo huyo."

Kutolewa kwenye mstari, kwa Bassou, kulikuwa sawa na kuzikwa hai. Hakuwa na shamba wala mifugo. Alikuwa na barabara ile tu, na watu waliomwita kwa jina kuanzia mjini hadi kijiji cha mwisho.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Tangu baada ya Idi, mkono wake wa kulia ulikuwa ukifa ganzi asubuhi za baridi. Ulianza na vidole viwili, ukapanda hadi kiganjani. Aliusugua kwa mafuta ya zeituni na kujifariji kwamba ni uzee tu, utapita. Dereva kukiri kwamba mkono haushiki! Angeanzia wapi?

Jumatatu alfajiri Akka alifika nyumbani kwake bila kuitwa.

"Leo sigusi kitu, Ami. Nitakaa kando yako tu. Mwashe unavyomwasha siku zote."

Bassou akakaa, akavuta kishikizo, akafumba macho kama ilivyokuwa desturi yake, akaanza kusoma. Akka akautazama mkono. Kabla sura haijamalizika mara ya kwanza, vidole vililegea, na kishikizo kikarudi mahali pake taratibu. Mzee hakujua. Akaendelea kusoma kwa utulivu, mara ya pili, mara ya tatu, huku kiwaya kikiwa cheusi tititi. Kisha akafumbua macho, akakishika upya, akavuta hadi mwisho. Lalla akakoroma na kunyamaza.

"Umeona?" Bassou alisema. "Nimesoma zote tatu!"

Akka alinyoosha mkono, akavuta yeye, akasoma, akavuta tena. Lalla akanguruma.

"Ami Bassou," alisema polepole, "gari halina ugonjwa."

"Unamaanisha mimi ndiye mgonjwa?"

"Mkono wako uliteleza. Nimeuona kwa macho yangu. Hebu nionyeshe."

Bassou akaurudisha mkono ndani ya mkono wa joho lake la sufi. "Umeona vibaya. Kuna giza humu."

"Niapie basi."

"Wallahi, mkono wangu ni mzima kama wako!"

Akka alitazama chini. Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha, kwenye kiti hiki hiki. Kumwambia mzee aliyeapa kwamba anasema uongo, kwetu, ni sawa na kumpiga kofi. Akashuka, akaaga, akaenda zake na moyo mzito.

Sasa tazama ujanja wa mwanadamu. Jumanne alfajiri Bassou alijaza jiko la makaa, akalisukuma chini ya tumbo la Lalla, akamfunika boneti kwa blanketi. Injini yenye joto haihitaji kishikizo kushikiliwa. Alipofika stendi, mbele ya Haddou na gulio zima, alivuta mara moja tu, na Lalla akaitika kama msichana.

Makofi yakapigwa! Haddou akamkumbatia. "Nisamehe, kaka. Nenda, zamu ni yako." Abiria wakaingia, na Itto, aliyekuwa akirudi shuleni kwake, akakaa kando ya baba yake.

Walipanda vizuri. Bassou alifurahi, akawa anawaonyesha abiria mahali aliposukuma gari kwenye theluji mwaka fulani, mahali bibi harusi alipotapika, mahali yeye na mama yake Itto walipokula machungwa wakiwa wachumba. Wote walicheka. Kisha wakavuka kilele, wakaanza mteremko wa mierezi, na ukungu ukawa mzito, na baridi ikapenya kwenye kioo cha upande wake, kilichokuwa hakifungi vizuri.

Kwenye kona ya tatu alitaka kupunguza gia. Mkono wa gia ulikuwa ubavuni mwa usukani. Aliutoa kwenye gia moja, lakini kuuingiza kwenye nyingine vidole havikumtii, vilipapasa hewa. Gari likawa huru, likateremka kwa uzito wake wote. Akakanyaga breki, matairi yakateleza kwenye barafu, na Lalla akaenda kwa ubavu mpaka akapiga mwerezi.

Halafu mtu mmoja nyuma akaanza kusoma shahada, mwingine akamwambia, "Hujafa, mzee, nitolee kiwiko chako mbavuni." Walikuwa hai wote. Itto alikuwa akitoka damu kwenye paji la uso.

"Baba, kwa nini hukutia gia?"

Bassou alikuwa akiutazama mkono wake ulioanguka mapajani. Itto akauchukua, akaufinya kwa kucha kwa nguvu zake zote.

"Unasikia?"

"Sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu Idi, mwanangu."

"Miezi mitano! Na ningekufa leo, ungemwambia nani?" Akalia, na baba yake akalia naye, kando ya barabara, mbele ya abiria.

Daktari alisema ni mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Angekwenda mapema, ungeachiliwa na mkono ungerudi kazini ndani ya miezi. Sasa maumivu yangeondoka, lakini vidole viwili havingeamka tena.

Akka alimvuta Lalla hadi karakana. Alipovuta kishikizo, injini iliwaka kwa mkupuo mmoja, safi, haina dosari hata moja. Ila mwili ulikuwa umepinda kuanzia mbele hadi nyuma, na hakuna fundi Azrou wala mji mkubwa wa Meknes angeweza kuunyoosha. Itto alikuwa amejifunza kuendesha kwenye gari lile. Angeweza kumshikia baba yake usukani siku zisizo za shule hadi mkono utibiwe, na Lalla angeishi. Hayo yalisemwa baadaye, yalipokuwa hayana faida.

Ijumaa baada ya sala Bassou alikwenda stendi, mkono ukiwa umefungwa kitambaa. Madereva wakasimama.

"Haddou, niliwadanganya," alisema. "Lalla hakuwa mkaidi. Aliyekuwa hawaki ni mimi."

Akka akajitokeza, macho mekundu; kutoka karakanani kwake Lalla alisikika akinguruma, kwani asubuhi ile alikuwa amemwasha tena amsikilize. "Nami nilijua, Ami. Nikanyamaza."

"Wewe uliniuliza, mwanangu. Mimi ndiye niliyeapa." Akamshika bega kwa mkono wa kushoto. "Zima injini yake. Usimwache angurume bure."

Akka akaenda, akazima. Lalla hakuwaka tena, na hakuna aliyeuliza sababu, kwani Azrou nzima ilikwisha kuiona: mficha maradhi, kifo humuumbua.