Aliyeusikia Mwito Akanyamaza

Wamesimulia wakubwa wetu, nao wamepokea kwa waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba zama za kale aliishi katika mji wa Azraba mtu mmoja aliyeitwa Hanzala bin Mudrik, mwenye msafara wa ngamia. Nawasimulia habari zake kwa sababu ya yale yaliyotokea jana hapo nje, baada ya sala ya Alasiri. Waumini wawili waliotoka kusujudu safu moja walikutana na magari yao katika kichochoro, kila mmoja akamtaka mwenzake arudi nyuma, mwisho wakashuka wakashikana mashati. Sitawataja. Wanajijua, na mmoja wao amekaa pale karibu na nguzo, ananitazama.

Huyo Hanzala alikuwa mcha Mungu kwelikweli, tena si wa kujionyesha. Jumatatu na Alhamisi alifunga. Ulimi wake haukukauka kumtaja Mola wake, na njiani alikuwa akiongoza ngamia wake kumi na mmoja, hatamu mkono wa kushoto, tasbihi mkono wa kulia. Watu wa Azraba walikuwa hawasafiri mpaka wamwendee awaombee dua. Nyumbani alikuwa mpole, jirani alimtukana naye akatabasamu. Lakini alikuwa na ila moja, nayo ni kwamba njiani hakukubali kupitwa. Akishika hatamu anakuwa mtu mwingine. Mwenye kumpita na ngamia wake alikuwa kama amemkanyaga kichwa, na jambo hilo aliliweka moyoni siku nyingi. Msicheke. Nyinyi mnaoshika usukani mnamjua mtu huyu kuliko mnavyotaka kukiri.

Basi ilitokea safari moja, Hanzala akipeleka tende katika mji wa Nuqba ulioko juu ya milima, akapitwa na kijana wa mji wake mwenyewe aliyeitwa Jundub bin Usaid. Jundub alikuwa na ngamia watatu tu, nao hawakubeba kitu. Aliwakimbiza mbio. Ngamia wake mmoja akamparaza ngamia wa Hanzala, gunia la tende likapasuka, vumbi likawajaa watu machoni, na yule kijana hakugeuka wala hakutoa salamu. Hanzala alisimama akaziokota tende zake moja moja kutoka mchangani, huku vibarua wake wawili wakimtazama. Hakutamka neno baya. Alisema Alhamdulillahi, akashona gunia, akaondoka, na moyoni anachemka.

Sasa fahamuni habari ya njia yenyewe. Kabla ya kufika Nuqba kulikuwa na upenyo katikati ya majabali, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo lisiloonekana chini. Ngamia walipita mmoja nyuma ya mwingine, na waliokutana humo hawakuwa na pa kupishania. Kwa hiyo wasafiri walikuwa na ada yao tangu enzi za mababu. Mwenye kufika mdomo wa upenyo, iwe juu au chini, husimama akaita takbira mara tatu kwa sauti yake yote. Majabali yale yalikuwa yakibeba sauti toka mwisho huu hadi mwisho ule. Aliyeko upande wa pili akisikia, humjibu, na akishamjibu hungoja mpaka mwenzake apite. Mwitaji akisikia kimya, hujua njia ni tupu, naye huingia. Hapakuwa na mlinzi wala askari. Ada ile ilisimama juu ya uaminifu wa watu peke yake, na kwa umri wote wa wazee wa Azraba haikuwahi kuvunjwa.

Siku ya tatu, adhuhuri, Hanzala alifika mdomo wa chini. Vibarua wake walikuwa wamebaki nyuma kujaza viriba vya maji. Kabla hajaita, akasikia sauti inashuka kutoka juu: Allahu Akbar. Akaitambua papo hapo. Ilikuwa sauti ya Jundub, anarudi. Ikaja mara ya pili, ikaja mara ya tatu, safi kabisa, kila neno lake.

Hapo ndugu zangu ndipo mtu anapopimwa. Hanzala alikumbuka vumbi. Alikumbuka tende mchangani na macho ya vibarua. Nafsi yake ikamwambia kwamba kijana huyu asiye na adabu lazima ajifunze leo nani mkubwa njiani. Wala hakuchukua jiwe, wala fimbo. Alichukua tasbihi. Akaanza uradi wake, Subhanallah, Subhanallah, macho ameyainamisha, akaingia katika upenyo na ngamia wake kumi na mmoja kana kwamba hakusikia lolote. Naam, alijificha nyuma ya jina la Mwenyezi Mungu ili amkomoe mja Wake.

Wakakutana katikati, mahali pembamba kuliko pote. Jundub alikuwa anaongoza mbele, na ngamia wa nyuma kabisa alikuwa amebeba machela yenye pazia. Ndani yake alikuwamo mama yake mzazi, Bi Khaula, mgonjwa mahututi. Alikuwa amemtumia mwanawe ujumbe kwamba hataki kufia ugenini, na ile ndiyo iliyokuwa haraka ya kijana yule siku ya kwanza. Hakumwona Hanzala, hakuliona gunia, hakuona kitu ila njia.

Jundub akastaajabu. Akasema kwa adabu kwamba alikuwa ameita, akauliza kama Ami Hanzala hakumsikia. Hanzala hakumjibu. Aliendelea kuvuta tasbihi, na kwa mkono wa hatamu akaashiria: rudi. Kijana akatazama ngamia kumi na mmoja waliofungana kwa kamba na magunia yao, akatazama watatu wake. Ilikuwa dhahiri nani anaweza kurudi. Akasita kidogo, kwa sababu ya machela. Ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, dhaifu.

"Mpishe, mwanangu. Pengine ana haraka kuliko sisi."

Jundub akaanza kuwarudisha kinyumenyume. Wa nyuma ndiye aliyetangulia kurudi, na ngamia hajui kurudi nyuma. Alikwenda hatua tatu, ya nne akakanyaga ukingo, mawe yakamomonyoka, akaanguka korongoni yeye na machela yake. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Wanasema Hanzala alisimama pale, na kidole chake kilikuwa bado kiko juu ya punje ya tasbihi.

Walipofika vibarua walimkuta ametulia kimya, midomo inachezacheza, wakajua yuko katika uradi. Habari ikateremka Azraba hivyo hivyo. Mbele ya kadhi hakuna aliyemshitaki. Jundub mwenyewe alisimama akasema kosa ni lake: koo lilikuwa limemkauka kwa safari, sauti yake haikufika, kwa maana mtu kama Ami Hanzala hawezi kusikia mwito akanyamaza. Kadhi akamuuliza Hanzala kama alisikia. Kabla hajafungua kinywa, wazee wakamjibia kwamba alikuwa amezama katika dhikri, na aliyezama katika dhikri hasikii hata radi. Kadhi akamtazama. Hanzala akainamisha kichwa. Kadhi akauhesabu ule kuwa ni unyenyekevu, akalifunga shauri.

Basi heshima yake ikazidi. Watu wakawa wanasimuliana jinsi alivyokuwa karibu na Mola wake hata dunia haikumfikia masikioni. Mkewe, Bi Rabaab, alikuwa akiletewa sifa hizo kisimani, akazibeba mpaka nyumbani kwa furaha, na mumewe akazisikiliza akageukia ukutani. Sala zake zikapoteza ladha. Akisema Subhanallah anasikia Allahu Akbar, mara tatu, kutoka juu. Alijaribu kusali zaidi. Alijaribu kufunga zaidi. Enyi waumini, kuna najisi isiyotoka kwa udhu.

Siku ya arubaini akabishiwa hodi. Alikuwa ni Jundub. Amekonda, nguo zimemchakaa, macho yamemwingia ndani. Hakukaa kitini, alikaa chini karibu na mlango. Alisema tangu siku ile hajashika hatamu. Alisema msikitini haingii tena, anaona haya kusimama mbele ya Mwenyezi Mungu na yeye ni muuaji wa mama yake, kwa uzembe wa koo.

"Ami, wewe dua yako hairudi. Niombee nife, maana kujiua ni haramu."

Hanzala alinyanyua mikono. Nakuapieni, alinyanyua!  Alitazama viganja vyake, akatamka maneno mawili matatu ya kumtuliza kijana, kwamba asubiri, kwamba Mola ni Mwingi wa rehema, akamfungulia mlango aende zake. Alikuwa na dawa ya mtu yule mdomoni mwake, akaimeza. Kisha akakaa pale pale chini alipokuwa amekaa Jundub, na mkewe alipokuja kumwita kula alimkuta analia, naye hakumwambia sababu.

Akawaza kwamba akisema, jina lake limekwisha Azraba, hakuna atakayempa tena mizigo wala kumwendea kwa dua. Asiposema, kijana yule atakufa kabla ya mwaka kwisha, na atakufa amekata tamaa na rehema ya Mola wake, na huko ndiko kufa kubaya. Alijihesabu siku tatu, na mara mbili alifika mpaka mlangoni akarudi. Msimdhani shujaa. Hakuna aliyemsukuma ila hofu.

Ijumaa ile, imamu alipotoa salamu, Hanzala alisimama katika safu ya mbele. Watu wakainua mikono, wakidhani anataka kuomba dua. Akaomba kwanza mtu mmoja aende akamlete Jundub, hata kwa kubembelezwa. Wakangoja. Alipoletwa, akasimama mlangoni, nje ya kizingiti, hakutaka kuingia. Hanzala akamgeukia.

"Nilikusikia. Mara zote tatu nilikusikia. Koo lako halikuwa na kosa. Nilinyamaza kwa kuwa ulinipita siku ya kwanza, nikataka nikutie adabu, na ile dhikri ilikuwa pazia langu."

 Mzee mmoja alianza kusema kwamba labda Sheikh anajitwisha asiyoyatenda kwa uchamungu wake, Hanzala akamkatiza, akamwomba kwa jina la Mwenyezi Mungu asimpe tena udhuru, kwa kuwa udhuru wao ndio uliokuwa ukimwangamiza. Kadhi alilifungua shauri upya hapo hapo. Akahukumu ya sharia, na Hanzala akayatimiza yote: ngamia wakatoka mikononi mwake kuwa fidia ya damu, na saumu ya miezi miwili mfululizo akaifunga. Vibarua wake wakaenda kwa mwingine. Bi Rabaab alikaa naye, lakini kisimani hakwenda tena wakati wenzake wapo.

Mtaniuliza, na Jundub je? Jundub alisimama pale kizingitini. Kisha akavua viatu, akaingia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Watu wakapumua, wakadhani anamwendea Hanzala wakumbatiane, kama tunavyopenda visa vyetu viishe. Alimpita. Akaenda kwenye kona ya msikiti, akasali sala yake, akasujudu akalia mpaka zulia likalowa. Alipotoka alisimama mbele ya Hanzala.

"Mama aliniambia nikupishe, nikakupisha. Siku ile nilikuwa na cha kukupa. Leo sina."

Akaenda zake. Alirudi kwenye kazi yake na sala zake, akaoa, akapata watoto, na Mola alimwondolea lile zigo alilojitwisha. Hanzala akimsalimu, alikuwa akimrudishia salamu, kwa kuwa kurudisha salamu ni wajibu. Zaidi ya hapo hakuongeza neno, si mwaka wa kwanza, si mwaka wa kumi. Hanzala alikwenda mlangoni kwake kila Idi. Kila Idi alipewa maji ya kunywa na heshima ya mgeni, na msamaha hakupewa.

Mwisho Jundub alipata homa akafariki, na Hanzala bado yu hai, mkongwe. Jeneza lilipowekwa mbele ya watu, ndugu wa marehemu akasimama kama ada ya Waislamu, akaomba kwamba ikiwa marehemu amemkosea mtu yeyote, amsamehe. Watu wote wakaitikia, tumemsamehe. Hanzala akajivuta kwa fimbo yake mpaka mbele.

"Mimi hakunikosea kitu," alisema. "Mimi ndiye niliyemkosea. Nani atanisamehe?"

Wakatazamana. Mwenye uwezo wa kumjibu alikuwa ndani ya jeneza. Imamu akaleta takbira ya kwanza ya sala ya jeneza, na Hanzala akarudi safuni kwake.

Kisa chetu kimekoma hapo, nami sina tamu ya kuongeza. Yale uliyomkosea Mola wako, mlango wake uko wazi usiku na mchana. Yale uliyomkosea mja mwenzako, ufunguo anao yeye, na anaweza kuzikwa nao. Basi ewe uliyekaa karibu na nguzo, mwenzako yuko hai, yuko safu ya tatu nyuma yako. Inuka sasa hivi.